Vikope: upofu wa bibi huanzia usoni mwa mjukuu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niandike kuhusu ugonjwa ambao sisi wakazi wa Dodoma tumeishi nao kwa muda mrefu kiasi cha kuuhesabu kuwa ni sehemu ya uzee. Ni ugonjwa wa vikope, ambao wataalamu huuita trakoma. Mwanzoni mwa mwaka 2024, macho mekundu yaliposambaa Dar es Salaam na kisha mikoani, watu walishtuka, Wizara ya Afya ikatoa maelekezo, na wengi wakaacha kupeana mikono. Ugonjwa ule uliletwa na virusi, na kwa walio wengi uliisha wenyewe baada ya siku chache bila kuacha athari. Vikope havimshtui mtu. Huanza taratibu, huja na kuondoka, na miaka mingi baadaye humwacha mtu hawezi kuiona njia ya kwenda shambani kwake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.9 duniani wamepofuka au wana uoni hafifu kwa sababu ya trakoma, na upofu huo ukishatokea haurudishwi.

Nimefundisha shule za msingi katika wilaya ya Kongwa kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na jambo linalonisumbua hadi leo ni kwamba katika familia nyingi nilizozifahamu, watu walimhurumia bibi aliyepofuka huku mjukuu aliyeketi kando yake akiwa na tongotongo machoni na nzi usoni, wala hakuna aliyeona kwamba wawili hao wana ugonjwa mmoja. Bibi yuko mwisho wa safari ambayo mtoto ndiyo kwanza anaianza. Tusipolielewa jambo hili, kila juhudi tunayoifanya itaanzia mahali pasipostahili.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria aitwaye Chlamydia trachomatis, ambaye hushambulia ngozi laini iliyo upande wa ndani wa kope ya juu. Wanaombeba zaidi ni watoto wadogo, hasa wale ambao hawajafikia umri wa kuanza shule. Jicho la mtoto huwa jekundu kidogo, huwasha, hutoa machozi na tongotongo. Na mhudumu wa afya akiigeuza kope ya juu huona vipele vidogo vyeupe ambavyo mzazi hawezi kuviona kwa kumtazama mtoto usoni tu. Mara nyingi mtoto halalamiki kabisa. Anacheza na kula kama kawaida, na baada ya wiki kadhaa jicho linaonekana kupona.

Hatari haimo katika ambukizo hilo moja. Mtoto anayeishi katika kaya yenye ugonjwa huambukizwa tena na tena, mwaka hadi mwaka, na kila mara mwili unapopambana na bakteria huyo huacha kovu dogo ndani ya kope. Makovu hayo hujikusanya kimyakimya, na kovu tabia yake ni kujikunja, kwa hiyo baada ya miaka mingi huvuta ukingo wa kope kuelekea ndani mpaka nywele za kope zinaanza kuligusa jicho lenyewe. Kuanzia hapo mgonjwa anapata mateso ambayo asiyeyapitia hawezi kuyakadiria vizuri, kwa sababu kila anapopepesa macho nywele hizo hukwangua konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, nasi hupepesa macho maelfu ya mara kwa siku. Konea hupata vidonda, vidonda huacha weupe, na weupe ukishafunika mboni nuru haipiti tena. Wengi husema fulani ana mtoto wa jicho, lakini hayo ni mambo mawili tofauti: mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi iliyo ndani ya jicho, na daktari anaweza kuitoa lenzi hiyo na kuweka nyingine, mgonjwa akaona tena. Konea iliyoharibiwa na vikope haina tiba nyepesi kama hiyo.

Ni kwa nini wanawake ndio wanaopofuka zaidi? Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume, na sababu yake ni malezi. Mwanamke aliambukizwa alipokuwa mtoto mwenyewe, akaambukizwa tena alipowabeba wadogo zake mgongoni, akaambukizwa na watoto wake aliowazaa, na sasa analala kitanda kimoja na wajukuu. Mikono yake ndiyo inayofuta nyuso zote. Siandiki haya kuwalaumu akina mama, maana kumlea mtoto si kosa. Ninayaandika ili akina baba wenzangu wafahamu kwamba macho ya wake zao yanahusiana moja kwa moja na usafi wa nyuso za watoto wao.

Bakteria huyo husafiri katika tongotongo na makamasi. Hupita kwenye vidole vya watoto wanaocheza pamoja, kwenye shuka wanayojifunika wote usiku, na kwenye upindo wa kanga ambao mama huutumia kumfuta huyu kisha akamfuta na yule. Hupita pia kwa nzi. Kuna aina ya nzi, Musca sorbens, wanaopenda kutua machoni mwa watu kutafuta majimaji, na wataalamu wamegundua jambo ambalo ningetamani kila mwenyekiti wa kitongoji alifahamu: nzi hao hupendelea kutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, na si ndani ya shimo la choo. Maana yake ni kwamba choo cha shimo cha kawaida, kilichojengwa kwa miti na udongo, huwanyima mahali pa kuzaliana. Lakini katika vijiji vyetu, hata kaya yenye choo kizuri haikitumii kwa watoto wadogo. Kinyesi cha mtoto wa miaka miwili huachwa nyuma ya nyumba kwa dhana kwamba hakina madhara, wakati mtoto huyo ndiye mwenye vikope na hapo nyuma ya nyumba ndipo nzi wake wanapozaliwa.

Sasa nije kwenye tiba. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa, mwishoni mwa miaka ya 1990, kuanza kugawa bila malipo dawa ya azithromycin, ambayo kampuni ya Pfizer huitoa kama msaada kwa jina la Zithromax. Dawa hii humezwa mara moja tu kwa mwaka, na kipimo chake kwa watoto hukadiriwa kwa kutumia fimbo yenye alama za urefu, jambo linalowezesha wagawa dawa wa kijijini kufanya kazi hiyo bila mizani. Watoto wachanga walio chini ya miezi sita hupewa mafuta ya tetracycline ya kupaka machoni, mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki sita. Nimesikia mengi kuhusu kingatiba hii, na mengi si ya kweli. Wapo wanaodai kwamba inazuia uzazi. Azithromycin ni antibaotiki inayotumiwa hospitalini kutibu pia maambukizi ya kifua na magonjwa mengine. Inaweza kumletea mtu kichefuchefu, maumivu ya tumbo au kuharisha kwa muda mfupi, na haina uhusiano wowote na kuzuia kizazi.

Wapo pia wanaouliza, kwa haki kabisa, kwa nini mtu asiyeumwa macho alazimike kumeza dawa. Jibu ni kwamba mtu anaweza kuwa na bakteria huyu bila dalili yoyote, na kaya moja ikitibiwa huku jirani akiachwa, bakteria watarejea kupitia watoto wanaocheza pamoja kabla hata dawa haijasahaulika. Ndiyo sababu wilaya ikionekana kuwa na kiwango kikubwa cha ugonjwa, wakazi wake wote hugawiwa dawa kwa pamoja. Baba anayekwenda machungani siku ya ugawaji na kurudi usiku, akidhani amewaachia wanawake na watoto jambo lao, anaacha mlango wazi.

Hata hivyo dawa peke yake haitoshi, na ushahidi wa jambo hili umetoka hapa hapa kwetu. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakishirikiana na Watanzania, wamekuwa wakifanya utafiti katika vijiji vya Kongwa, ambako wakati huo zaidi ya nusu ya watoto wadogo waliochunguzwa walikuwa na vikope. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet la Uingereza, vijiji sita vilipewa dawa ya macho ya tetracycline, na vitatu kati ya hivyo vikaongezewa uhamasishaji wa kina wa kuosha nyuso za watoto. Baada ya mwaka mmoja, watoto wa vijiji vilivyoongezewa uhamasishaji walikuwa na nyuso safi zaidi, na uwezekano wao wa kuwa na trakoma kali ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao waliopata dawa tu. Dunia nzima imejifunza kutokana na watoto wa Kongwa. Inaniuma kuona kwamba wengi wetu tunaoishi hapa hatujui hata kama jambo hilo lilitokea.

Nikizungumza haya vijijini hujibiwa kwamba maji hayapo, na sitabishana na anayesema hivyo, kwa sababu ninaijua nchi hii. Dodoma hupata mvua za msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni vumbi na foleni ya madumu kisimani. Mwanamke aliyeamka usiku kufuata dumu la lita 20 ana haki ya kulipima kila tone. Lakini watafiti hao walibaini jambo la kutafakari: wingi wa maji yaliyoingia nyumbani peke yake haukutosha kueleza ni mtoto gani ana uso safi. Kaya mbili zilizochota kisima kimoja ziliweza kutofautiana kabisa. Kilichotofautiana ni uamuzi wa nyumbani kuhusu maji hayo yatumike kwa nini, na imani iliyoenea kwamba kuosha nyuso za watoto kunakula maji mengi. Ukweli ni kwamba uso wa mtoto husafishika kwa maji machache sana yanayojaa kiganjani, na bakuli moja linatosha watoto wote wa nyumba moja iwapo maji yatamiminwa juu ya mikono na si watoto wote kuchovya nyuso zao humo. Sabuni ikiwepo ni vizuri, lakini kuondoa tongotongo hakuihitaji. Kibuyu chirizi kilichotengenezwa kwa dumu kuukuu na kamba, kikining'inizwa karibu na choo na kingine karibu na mlango, hutoa maji kidogo kidogo, na watoto hupenda kukitumia. Baada ya kuosha, uso uachwe ukauke wenyewe; upindo wa kanga usirudi kazini.

Ninaongeza kwamba uamuzi kuhusu maji mara nyingi si wa mama peke yake. Mume akiuliza kwa ukali maji yameishaje, mke ataacha kwanza kuosha nyuso za watoto, kwa kuwa hakuna atakayemgombeza kwa hilo. Mume huyo huyo akisema mbele ya watoto kwamba kila asubuhi kila mtu anawe uso kabla ya uji, jambo litakuwa limekwisha.

Nina maoni yangu pia kuhusu mahali tunapotolea elimu. Kwa kawaida hupelekwa shuleni, na mimi kama mwalimu sipingi. Watoto wa darasa la tatu hufundishika na huwafundisha wadogo zao. Lakini ugonjwa umejaa zaidi kwa watoto ambao bado hawajafika shule. Mahali wanapopatikana hao kila mwezi ni kliniki ya watoto kwenye zahanati, ambako mama huja na kadi, mtoto akapimwa uzito na kuchomwa chanjo, kisha wakarudi nyumbani. Katika kliniki nyingi nilizopata kuzishuhudia, hakuna aliyemwambia mama neno lolote kuhusu uso wa mtoto uliokuwa mbele yake. Muuguzi ana kazi nyingi, nalijua hilo, lakini sentensi mbili zinazosemwa na mtu aliyevaa sare nyeupe, huku akimtazama mtoto huyo mmoja, zina uzito kuliko bango kubwa la barabarani.

Kuhusu dawa za kujinunulia nitasema kwa ufupi. Matone ya macho yanayouzwa katika maduka ya dawa muhimu hayafanani, na baadhi yake yana steroidi, ambazo huondoa wekundu upesi na kumfanya mtu adhani amepona, kumbe zinaweza kuyapa maambukizi nguvu na, zikitumiwa kwa muda mrefu, kupandisha shinikizo la jicho hadi kuua mshipa wa fahamu wa kuona. Maji ya majani, maji ya chai na maziwa ya mama havitibu vikope, na vingine huingiza vijidudu vipya.

Limebaki kundi la mwisho, nalo ndilo linalostahili haraka kuliko yote: watu wazima ambao nywele za kope zao zimekwisha kuingia ndani. Hawa hatuhitaji vipimo vya maabara kuwatambua. Ni mama anayetembea na kibano kidogo kilichofungwa kwenye pindo la nguo, anayemwomba mjukuu mwenye macho mazima amng'olee nywele zinazomchoma, anayekaa gizani mchana kwa sababu jua linamuumiza. Kung'oa nywele huleta nafuu ya muda, na pale ambapo upasuaji haujapatikana ni bora kuliko kuziacha zikwangue. Lakini nywele huota tena, na zinapoanza kuchomoza huwa fupi na ngumu. Tiba yake ni upasuaji mdogo wa kugeuza ukingo wa kope uelekee nje. Hufanyika kwa ganzi ya mahali, kwa muda usiozidi saa moja, na mtaalamu aliyepewa mafunzo anaweza kuufanya katika kituo cha afya; mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hospitali ya Mvumi, wilayani Chamwino, ina historia ndefu ya huduma za macho, na mara kwa mara kambi za upasuaji huu hufika vijijini na kuufanya bila malipo.

Pamoja na hayo wengi hawaendi. Nimewauliza, na majibu yao si ya ujinga kama watu wa mjini wanavyodhani. Mmoja anaogopa kwamba atafungwa bandeji macho yote mawili na hakuna wa kumpikia. Mwingine hana nauli, au kambi imekuja wakati wa palizi. Mwingine amesikia kwamba fulani alifanyiwa na bado haoni, na hilo ni kweli, kwa sababu upasuaji huu huzuia jicho lisiharibiwe zaidi na kuondoa maumivu, lakini haurudishi uoni uliokwisha kupotea. Ndiyo maana kuchelewa kunagharimu sana, na ndiyo maana wahudumu wanapaswa kulisema hilo wazi kabla ya upasuaji, ili mgonjwa asitoke na matumaini ambayo hakuahidiwa kisha akawakatisha tamaa wenzake.

Shirika la Afya Duniani limeweka vigezo vya nchi kuhesabiwa kuwa imetokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii: dalili za ugonjwa zionekane kwa watoto chini ya asilimia 5 kati ya wale wenye umri wa mwaka 1 hadi 9, na nywele zilizoingia ndani ambazo mfumo wa afya haujazishughulikia ziwe chini ya watu wazima 2 kati ya kila 1,000. Ghana ilithibitishwa kufikia hapo mwaka 2018. Malawi, jirani yetu ambaye vijiji vyake navyo vina kiangazi na visima vya mbali, ilithibitishwa mwaka 2022. Sioni sababu ya Kongwa, Chamwino na wilaya nyingine za kanda yetu ya kati kukubali kuwa za mwisho.

Kwa hiyo ninaziomba serikali za vijiji mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Ajenda ya vikope iingie katika mkutano mkuu wa kijiji kabla ya siku ya kugawa kingatiba, ili maswali ya watu yajibiwe hapo na si kwenye foleni ya dawa. Kamati ya maji, inapozungumza na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kuhusu pampu iliyoharibika, itaje pia watoto wadogo wa kijiji na macho yao, kwa sababu pampu iliyokufa kwa miezi mitatu ni tatizo la afya kama lilivyo tatizo la maji. Na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, akishirikiana na wenyeviti wa vitongoji, apite nyumba kwa nyumba kuwauliza kwa heshima wazee wetu ni nani anatumia kibano, aandike majina yao, na kambi ya upasuaji itakapotangazwa kijiji kiwatafutie usafiri na mtu wa kukaa nao usiku huo. Baada ya miezi michache waangaliwe tena, maana kwa baadhi yao kope hurudi ndani na upasuaji huhitaji kurudiwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu Mstaafu,
Kongwa, Dodoma.